Kabla Hujaomba Kazi ya Famasi Uingereza, Uliza Kaunta Yao Inaendeshwaje

Mimi ni mfamasia, mzaliwa wa Mikindani. Nimekaa dirisha la dawa hapa Mtwara, nikaenda Uingereza nikafanya kazi kwenye famasi za mtaani, na sasa nimerudi nyumbani. Wafamasia watarajali wa Mtwara na Lindi hunipigia simu, na baada ya shikamoo swali huwa lile lile: dada, kule wanalipa kiasi gani? Huwa najibu, lakini swali hilo naliweka mwisho. La kwanza ni hili: siku umechoka, foleni imefika mlangoni na meneja anataka namba, nani atakuacha usimame uhakiki dawa kwa utulivu? Mshahara mnono kwenye kaunta mbovu hautakusaidia kitu. Kosa likitokea linaandikwa kwa jina lako, na leseni itakayochunguzwa ni yako wewe.

Nitaongea zaidi kuhusu Uingereza kwa kuwa ndiko nilikofanya kazi. Nchi nyingine nitazigusa tu.

Njia yenyewe

Famasi za England, Scotland na Wales zinasimamiwa na General Pharmaceutical Council, wanaoitwa GPhC kwa kifupi. Shahada yako ya MUHAS, Bugando au St. John's haikupi usajili wa moja kwa moja. Kuna kozi ya chuo ya mwaka mmoja kwa wafamasia wa nje inayoitwa OSPAP, halafu wiki 52 za mafunzo kazini chini ya msimamizi, halafu mtihani wa usajili ambao kwa kawaida una nafasi 3 tu. Kiingereza unapimwa mapema. Kwa mtihani wa Kiingereza wa IELTS wanataka 7 katika kila eneo, kusoma, kuandika, kusikiliza na kuongea, siyo wastani wa 7. Watu wengi wa kwetu huangukia kwenye kuandika. Anza mazoezi ukiwa bado mtarajali, usingoje mpaka upate pesa ya ada.

Marekani ina ukuta ambao mawakala hawausemi: waliohitimu kuanzia mwaka 2003 wanatakiwa wawe wamesoma mtaala wa famasi wa miaka 5, na wetu ni wa miaka 4. Kanada utapitia mitihani ya PEBC, bodi yao ya mitihani ya famasi. Nchi za Ghuba watahakiki vyeti vyako kupitia kampuni ya DataFlow na kukupa mtihani wa kompyuta wa Prometric. Huko jambo la kuangalia kuliko yote ni pasipoti yako inakaa kwa nani.

Kuna moja la kukukinga na matapeli. Tanzania imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 yenye nchi 55 zenye uhaba mkubwa wa watumishi wa afya. Kwa sababu hiyo, kanuni za Uingereza zinakataza waajiri na mawakala kuja kwetu kusaka watumishi. Wewe mwenyewe kuomba kazi moja kwa moja, ruksa. Kwa hiyo mtu akikualika kwenye semina Shangani, hapa Mtwara, na kusema ametumwa na hospitali za Uingereza kukusanya wafamasia, na ada ya fomu unalipa hapo hapo, chukua mkoba wako uondoke.

Viwango vyao, na mazoea yetu ya kuacha huku

Elimu ya dawa tunayo. Kinachowashinda wengi ni mazoea. Hapa kwetu tunahesabu paracetamol kutoka kwenye kopo la vidonge 1,000, tunatia kwenye bahasha, tunaandika 1x3, na tunamwambia mgonjwa kwa mdomo. Kule dawa inatoka kwenye kasha la kiwandani pamoja na karatasi yake ya maelezo, na lebo inabeba jina la mgonjwa, tarehe, jina na anwani ya famasi, jina la dawa, na maelekezo ya matumizi yaliyoandikwa kwa sentensi kamili. Anza kuandika sentensi kamili leo, hata kwenye bahasha ya khaki. "Meza kidonge kimoja mara tatu kwa siku baada ya kula." Mkono ukizoea, hata siku ya msukosuko utaandika hivyo hivyo.

Utambuzi wa mgonjwa tumeujua kwa shida yetu wenyewe. Ukiita "Fatuma Hamisi" kwenye dirisha lolote kati ya Kilwa na Nanyamba, wanasimama watatu. Ndiyo maana ukaguzi wetu ni jina, umri na kijiji. Kule ni jina kamili, anwani, na tarehe ya kuzaliwa, na anayetaja ni mgonjwa mwenyewe. Usimtajie wewe halafu aitikie tu kwa kichwa. Hapo uko karibu nao kuliko unavyodhani. Ila sauti ya dirishani iache huku. Kumpazia sauti mama wa watu "hizi za UTI meza zote!" mbele ya foleni ni kosa la kitaaluma kule, kuna chumba cha mashauriano kwa kazi hiyo. Kusema kweli, na hapa lingepaswa kuwa kosa.

Jambo zito zaidi ni la mfamasia mwenye dhamana ya siku. Kule kila famasi inapofunguliwa lazima kuwe na mfamasia mmoja mwenye dhamana. Jina lake na namba yake ya usajili vinabandikwa ubaoni watu wanakoona, na saa alizoanza na kumaliza zinaingizwa kwenye kumbukumbu inayotunzwa miaka 5. Sheria inamruhusu kutokuwepo kwa jumla ya saa 2 tu ndani ya siku nzima. Wote tunaijua desturi ya cheti kutundikwa ukutani Masasi huku mwenye cheti anaishi Dar es Salaam na anapokea chake mwisho wa mwezi. Kama umewahi kukodisha cheti chako, au umeahidiwa kukodishiwa, achana na jambo hilo kabla hujaomba barua ya utumishi mwema kutoka Baraza la Famasi. Siyo kwa sababu ya kuogopa kukamatwa peke yake. Atakayekwenda Uingereza akiamini kwamba jina ubaoni ni pambo, kaunta ya kule itamvunja.

Shinikizo la kule lina sura gani

Hapa Mtwara shinikizo letu tunalijua: dawa zimeisha, mzigo wa Bohari ya Dawa (MSD) haujafika, wagonjwa wametoka Nanyumbu tangu alfajiri, na umeme umekatika. Ni shinikizo la ukosefu. Wagonjwa wanakuonea huruma, na wewe unawaonea huruma.

Kule dawa zipo, au zikikosekana kuna wa kumpigia simu. Linalokubana ni saa na idadi. Vyeti vya dawa vinaingia kwenye kompyuta moja kwa moja kutoka kwa daktari, usiku na mchana. Ukifungua asubuhi mlima unakusubiri. Kila cheti kinahitaji mfamasia apime kama dawa inafaa kwa mgonjwa huyu, kisha mtu ahakiki kwamba kilichofungwa ndicho kilichoandikwa. Katikati simu inalia, mwingine anataka chanjo ya mafua, mwingine ana miadi kwenye chumba cha mashauriano, na wazee wanasubiri visanduku vya dawa za wiki nzima, vile vyenye vijumba vya asubuhi, mchana, jioni na usiku. Kimoja kikikosewa, kosa linajirudia siku 7.

Juu ya hayo yote kuna malengo. Miaka ya nyuma kila famasi ya England ililipwa pauni 28 kwa mahojiano moja na mgonjwa kuhusu matumizi ya dawa zake, mwisho mahojiano 400 kwa mwaka. Ule mwisho uliowekwa kama ukomo, baadhi ya waajiri waliugeuza kuwa amri: lazima ufike 400, hata kwa mgonjwa asiyehitaji. Huduma hiyo ilifutwa mwaka 2021. Tangu tarehe 31 Januari 2024 kuna nyingine iitwayo Pharmacy First, ambamo mfamasia anatibu mwenyewe magonjwa 7 mepesi, yakiwemo ya koo, sikio, mkanda wa jeshi na UTI kwa wanawake. Ni huduma nzuri, naiheshimu, na ningependa siku moja tuwe na kitu kama hicho Lindi. Lakini nayo ina malipo ya mwezi yanayotegemea kufikisha idadi, na penye idadi pana mtu wa kukupigia simu saa kumi jioni kuuliza umefikia wapi.

Ninataka ujue kisa kimoja, kwa sababu ndicho kilichobadilisha mjadala wa kule. Mwaka 2007 mfamasia mmoja nchini Uingereza, akiwa kwenye zamu ndefu bila mapumziko ya maana, alimtolea mgonjwa propranolol, dawa ya moyo na presha, badala ya prednisolone, dawa ya steroidi. Mgonjwa alifariki baadaye. Mwaka 2009 mfamasia yule alihukumiwa kifungo cha miezi 3 kilichoahirishwa. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa iliondoa adhabu hiyo na kuweka faini ya pauni 300. Hakuiba, hakulewa, hakukusudia. Ilipofika Aprili 2018 ndipo sheria ilipowapa wafamasia wa mtaani utetezi kwa kosa la bahati mbaya, kwa masharti: uwe umefanya kazi kitaaluma, na ukigundua kosa umwambie mgonjwa haraka. Majina hayo mawili ya dawa yanaanza kwa herufi moja na hapa kwetu pia hukaa rafu moja. Yatenganishe leo, stoo na dirishani.

Chunguza mwajiri ukiwa Mtwara

Hapa wengi wanapitisha dhahabu mkononi bila kuitambua. GPhC huchapisha kwenye tovuti yake ripoti za ukaguzi wa famasi moja moja. Zinasomwa bure, hata kwa simu yako ukiwa umekaa hapa Mtwara. Ukipata ofa, tafuta jina na anwani ya famasi utakayopangiwa, usome mkaguzi aliona nini: je, watumishi wanatosha, makosa yanaandikwa, wafanyakazi wanaweza kulalamika bila woga? Kampuni ikikataa kukutajia tawi, hilo nalo ni jibu.

Kwenye usaili uliza wewe pia. Wazungu hawaoni ni utovu wa adabu. Wanakuona uko makini. Mimi ningeuliza haya, na ningenyamaza nisikilize wanavyojiumauma. Tawi linahudumia vyeti vya dawa vingapi kwa siku, na Jumamosi nabaki na watu wangapi? Nikitia saini dawa, nani mwingine ameihakiki, au nitajaza na kujihakiki mwenyewe? Visanduku vya wiki ni vingapi, na vinaandaliwa siku gani? Malengo ya huduma yanapangwa na nani, na mfamasia aliyemaliza mwezi chini ya lengo alifanywa nini? Mfamasia niliyekuja kumrithi aliondoka kwa nini? Hilo la mwisho usiliache kamwe.

Uliza mapumziko kwa undani. Sheria yao inasema ukifanya kazi zaidi ya saa 6 unastahili dakika 20 za kupumzika, na wastani wa wiki usizidi saa 48 isipokuwa umesaini mwenyewe kuuacha ukomo huo. Karatasi ya kuuacha huletwa katikati ya lundo la fomu za siku ya kwanza. Una haki ya kutoisaini. Ukiwa mfamasia pekee, dakika zako 20 zina mtego: ukitoka, kazi nyingi za kaunta zinasimama, kwa hiyo wanategemea ule chakula ukiwa umesimama. Uliza wanafunga kaunta au hawafungi. Na wewe unayefunga Ramadhani, jua kwamba mwezi Juni magharibi ya London inapita saa tatu usiku, na Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Zungumza saa zako za kufuturu na kusali kabla ya mkataba, kwa maandishi.

Kama utapata nafasi ya hospitali, ichukue kwanza hata kama mshahara uko chini kidogo. Kule una wafamasia wenzako wa kuwauliza. Famasi ya mtaani unaweza kumaliza siku nzima bila kuonana na mwenye taaluma yako.

Deni ndilo linalofunga mdomo

Nimeona vijana wazuri, wenye maarifa kunizidi, wakikubali mambo ambayo hapa hospitali ya Ligula wasingeyakubali. Sababu haikuwa woga wa meneja, ilikuwa deni. Familia imeuza korosho za msimu mzima, malipo ya mnada yametoka yote yameingia kwenye ada na tiketi. Mjomba Newala ameweka shamba rehani. Unyago wa mdogo wako unakusubiri wewe. Mtu mwenye mzigo huo akiambiwa "saini tu, tutarekebisha kesho," anasaini.

Ongeza na viza. Mwajiri ndiye mdhamini wako. Ukiacha kazi au ukiachishwa, anaripoti serikalini, na kwa kawaida unabakiwa na siku 60 upate mdhamini mwingine au uondoke. Ndiyo maana nasema: usipande ndege bila akiba ya kuishi miezi 3 ambayo haijulikani na mtu yeyote nyumbani isipokuwa mama yako, kama anaweza kunyamaza. Kama akiba hiyo haipo, ahirisha mwaka. Wasomee mkataba wakubwa wa familia, uwaambie wazi kwamba mwaka wa kwanza hutatuma chochote. Watakasirika. Afadhali wakasirike ukiwa Mtwara.

Kwenye mkataba wenyewe tafuta kifungu cha kurudisha gharama ukiondoka mapema. Angalia kiasi, angalia kama kinapungua kadiri muda unavyokwenda, na angalia kama wameingiza humo tozo za udhamini ambazo sheria inamtaka mwajiri alipe mwenyewe. Kisicho na kiasi kilichoandikwa usikisaini.

Kukataa kuna maneno yake

Sisi watu wa pwani tumelelewa kukataa kwa kuzunguka. "Tutaona." "Inshallah." "Ngoja kidogo." Meneja wa kule akisikia hivyo anaelewa umekubali.

Chukua mfano wa kawaida kabisa. Kuna wagonjwa wa uraibu wanaokunywa methadone, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, kila siku mbele ya mfamasia. Mmoja hakuonekana siku 3 mfululizo, leo amekuja, ana hasira, anapiga kaunta. Foleni inatazama. Meneja, ambaye si mfamasia, anakunong'oneza: "Mpe tu aende zake." Huwezi. Mwili uliokosa dawa siku 3 umepoteza ustahimilivu, na dozi ile ile ya wiki iliyopita inaweza kumsimamisha pumzi. Unamwambia mgonjwa kwa sauti ya chini, kwa jina lake: "Dozi hii sasa inaweza kukudhuru. Nampigia daktari wako sasa hivi, kaa chumbani nisubiri." Na meneja unamgeukia: "Sitoi mpaka niongee na kliniki. Nitaandika saa na sababu." Basi. Huombi radhi, huelezi mara ya pili. Halafu kweli unaandika: tarehe, saa, nani alisema nini.

Sentensi za namna hiyo zifanyie mazoezi kwa Kiingereza, kwa sauti, na mwenzako akiigiza meneja. Mimi hufanya hivyo na watarajali jioni, na wa kwanza kucheka ndiye humaliza akitetemeka, kwa sababu maneno hayo ni mageni mdomoni kwetu. Rudia mpaka yatoke bila "samahani" mbele.

Ukifika, jiunge na chama kinachotetea wafamasia waajiriwa, Pharmacists' Defence Association, na uwe na bima yako ya taaluma. Bima ya mwajiri ipo, lakini wakili wake anamlinda mwajiri kwanza. Kwa masuala ya mkataba na saa za kazi, Acas, shirika la kule la ushauri wa masuala ya kazi, wanatoa ushauri bure kwa simu, na hawakuulizi wewe ni raia wa wapi.

Kabla ya safari

Omba barua yako Baraza la Famasi mapema, na fuata maelekezo ya GPhC kuhusu namna inavyowafikia. Kuna nyaraka wanazotaka zitoke kwa baraza, zisipitie mikononi mwako. Majina yafanane kwenye kila cheti. Huku kwetu Saidi wa cheti cha kuzaliwa huwa Said kwenye cha kidato cha nne na Saeed kwenye pasipoti, na herufi hizo mbili zinaweza kukuchelewesha miezi. Rekebisha kwa hati ya kiapo kabla hujatuma kitu.

Na ukishapata usajili wa kule, usiuache wa huku ufe. Endelea kulipa ada ya mwaka ya Baraza la Famasi na kutunza kumbukumbu za mafunzo yako endelevu. Siku ukiamua kurudi, iwe ni kwa mama, kwa Hospitali ya Kanda pale Mitengo, au kwa sababu kaunta ya kule imekuchosha, utaingia kazini bila kuanza upya.